Uzi wa Zambarau

Mimi ndiye mpiga pasi wa karakana yetu, na mpiga pasi halipwi kwa kipande, yaani kwa idadi ya mashati. Ukimharakisha ataunguza mzigo mzima, kisha mtaanza kutafutana. Ndiyo sababu nilibaki kwenye malipo ya siku wakati wenzangu wote walipohamishiwa malipo ya kipande, na ndiyo sababu nilikaa pembeni nikiwatazama kama mtu anayetazama mpira bila kuwa na timu. Mtu asiye na timu hucheka ovyo. Nilicheka sana, na nitaeleza kwa nini sasa kicheko hicho kinanikaa kooni.

Tunashona mashati ya shule. Vyumba ni viwili, nyuma ya duka la rangi na misumari: kimoja cha cherehani, kingine cha meza ya kukatia na meza yangu ya pasi, na katikati kuna uwazi usio na mlango, kwa hiyo kila mtu anamwona kila mtu. Mwenye karakana ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Wengine humwita dada. Mimi humwita Mkurugenzi tangu siku aliponunua kiti kinachozunguka, naye hunijibu kwamba kama ulimi ungekuwa unalipwa ningeshajenga ghorofa.

Aliyemfundisha kushona ni mama yake mdogo, ndugu wa mwisho wa marehemu mama mkwe wangu. Mama huyo alishona sebuleni kwake miaka nenda miaka rudi, akafundisha wasichana wa mtaa mzima bila kuwadai kitu, na cherehani zilipohamia hapa naye alihamia nazo. Wote tunamwita Mama Mdogo, hata mkataji wetu, mzee mwenye mvi kidevuni ambaye ni rika lake kabisa. Cherehani yake iko dirishani kwa ajili ya mwanga. Mshono wake hauna lawama. Shida yake ni macho, na vidole ambavyo asubuhi za baridi huwa havitaki kukunjika.

Mwanzoni mwa mwaka Mkurugenzi alitukusanya. Alisimama karibu na meza ya kukatia, akiwa ameshika shati la dukani lililotoka nje ya nchi, jembamba mpaka unaona mkono wako ukiupitisha ndani.

"Hili linauzwa rahisi kuliko letu," alisema. "Shule zinaniuliza kwa nini. Kuanzia Jumatatu tutalipana kwa shati. Anayeshona mengi atapata mengi. Anayepiga soga atalipwa na soga zake."

Sitaki mmwone mtu mbaya. Nyumba yake aliiweka rehani benki ili tupate zile cherehani, na kuna miezi shule zilipochelewa kulipa ambapo sisi tulipata chetu na yeye alikula mikate na chai jioni. Hilo nalijua, maana mikate alikuwa anaikopa kwangu.

Mkataji alikohoa. "Na faida ikija, dada, anayecheka ni nani?"

"Ni mimi. Kwa sababu hasara ikija anayelia ni mimi pia. Ukitaka tulie wote, lete hati ya nyumba yako tuiweke pamoja na yangu."

Mkataji hana nyumba. Akashika mkasi wake.

Mama Mdogo alikuwa amekaa, mikono mapajani. "Mimi sikatai mtu kulipwa kwa jasho lake," alisema polepole. "Nauliza tu. Huyu Umeme, hii kasi alizaliwa nayo? Kuna mtu alikaa naye, akafumua, akamwambia rudia. Huyo mtu atahesabiwa kwenye shati lipi?"

"Mama mdogo, hayo ni mambo ya shukrani. Haya ni mambo ya kazi."

"Sawa, mwanangu. Nilidhani ni mambo ya watu walewale."

Umeme ndiye fundi wetu mwenye kasi kuliko wote, mama kijana wa mtoto mmoja, na jina hilo nilimpa mimi. Wote tulimgeukia. Nilidhani atamtetea mwalimu wake. Badala yake alisema, "Mimi naitaka hii ya kipande."

Kisha, kwa kuwa tulikuwa bado tunamwangalia, akaongeza: "Kwenye malipo ya siku nashona mara mbili ya watu na napata sawa na wao. Nikiomba niongezwe naonekana nina tamaa. Huyo mwanamume niliyeachana naye alikuwa anajua napata nini kila siku, anakuja kusubiri hapo getini. Nikipata zaidi, napanga chumba mbali naye. Sitaki huruma ya mtu. Nataka changu kiwe changu."

Na kweli, haukupita muda mrefu Umeme akapanga chumba chenye mlango wa chuma na komeo la ndani, akatuletea soda kusherehekea. Sijasahau sura yake siku ile. Mtu akiniambia malipo ya kipande ni dhuluma tupu, namkumbuka Umeme na soda zake.

Mkurugenzi akapanga utaratibu. Kila fundi alipewa uzi wa rangi yake. Ukimaliza shati, unapitisha mshono mdogo wa rangi yako ndani ya kola, chini ya lebo, kisha unalitupa kwenye kapu kubwa la wote. Jioni Mkurugenzi anachambua kapu kwa rangi na kuandika. Halafu mashati yanakuja kwangu, nachomoa zile nyuzi, napiga pasi, nakunja. Umeme alichagua rangi ya chungwa. Mama Mdogo alichagua zambarau, akisema ndiyo rangi pekee anayoiona bila miwani.

Majuma ya kwanza zambarau zilikuwa chache mpaka inauma. Jioni ya malipo Mama Mdogo alikuwa anapokea bahasha yake bila kuifungua, anaitia kwenye mkoba, anatuaga mmoja mmoja. Mkurugenzi alikuwa anaangalia pembeni wakati huo. Nilimwambia, "Wifi, si umwache huyu mmoja kwenye malipo ya siku?" Akanijibu kwamba akimpendelea ndugu yake, kesho atamwambia nini mwingine. Alisema sheria ikiwa na shangazi na mama mdogo si sheria tena. Nilimwona ana hoja, nikarudi kwenye pasi yangu.

Kisha zambarau zikaanza kuongezeka.

Niligundua kabla ya mtu yeyote, maana kila kola inapita mikononi mwangu. Mama Mdogo akishona ncha ya kola, anaikata pembe na kuigeuza kwa sindano, inakaa laini. Umeme hana subira hiyo. Yeye huweka mshono mmoja wa mshazari pale kwenye ncha na kugeuza kwa kidole, na ncha inatoka kali. Yote ni mazuri, lakini ukishapiga pasi maelfu huwezi kuyachanganya. Nikaanza kuona ncha kali zenye uzi wa zambarau. Niliinua macho, nikamtazama Umeme kupitia ule uwazi. Naye alinitazama, akainamia cherehani yake, akaendelea. Nilijiona nimealikwa kwenye siri nzuri, na siku nzima nilipiga pasi huku nikiimba.

Tatizo ni kwamba Mama Mdogo hakujua. Yeye alikuwa anashona mpaka kengele ya duka la mbele inalia, anatupa kwenye kapu, anakwenda zake. Hahesabu. Bahasha iliponenepa, aliamini imenenepeshwa na vidole vyake. Alituambia vidole vimekumbuka kazi. Alikaza mgongo, akanunua mto wa kukalia, akaanza kuwachokoza vijana: "Angalieni msije mkanikuta mbele." Nasi tulikuwa tunacheka, wengine kwa kujua na wengine kwa kutojua.

Na akabadilika maneno. Yeye aliyeuliza lile swali siku ya kwanza ndiye akawa wakili wa kipande. Mchana mmoja tukila, mkataji aliposema kwamba kipande kinamnyonya mnyonge, Mama Mdogo alitikisa kijiko chake.

"Hata mimi nilisema hivyo. Nilikosea. Niangalie mimi na macho yangu haya. Mtu akijituma anapata. Juzi mwanangu kanipigia simu, anasema tangu ghala limwachishe kazi hajapata nyingine. Nikamwambia, baba, acha uvivu. Mama yako ni mzee na anawapita watoto wadogo. Wewe una mikono miwili mizima unalialia nini?"

"Akasemaje?" niliuliza.

"Akakata simu. Ukweli unauma."

Tulicheka mezani pale, mimi nikicheka kuliko wote. Umeme hakucheka. Aliinuka akaenda kuosha bakuli lake, na chakula kilikuwa bado kimo nusu. Mkurugenzi ndiye aliyefurahi zaidi. Tangu hapo kila mgeni aliyekuja kutoka shuleni alipelekwa dirishani aonyeshwe Mama Mdogo. "Huyu ndiye mfano wetu," alikuwa anasema, na Mama Mdogo alikuwa anatabasamu bila kusimamisha gurudumu.

Sasa, Mkurugenzi naye ni mwanafunzi wa Mama Mdogo, na macho yake ni mazima. Ijumaa moja alikuwa anachambua kapu mapema kwa sababu gari la mzigo lilikuwa linakuja. Nilimwona ameshika shati moja la zambarau, akaligeuza, akalipeleka kwenye mwanga. Akachukua la pili. Pembeni ya uzi wa zambarau kulikuwa na vitobo vidogo vya sindano, na katika kitobo kimoja kulikuwa kumebaki unyoya wa uzi wa chungwa. Umeme siku hiyo alikuwa ameshajiwekea alama yake kwa mazoea, ndipo akakumbuka, akaifumua.

Mtu mwingine angeuliza. Yeye aliona ncha kali, akaona chungwa iliyofumuliwa na zambarau juu yake, akajumlisha. Na kwa kuwa mwaka mzima alikuwa anatuimbia kwamba sheria haina mama mdogo, aliona aibu kulifanya faraghani. Hilo ndilo linalonisikitisha mpaka leo: alifikiri anatenda haki.

Akasimama katikati, penye uwazi. "Zimeni cherehani."

Zikazimwa.

"Mama mdogo," alisema, "mashati haya yana uzi wako. Mkono ulioyashona si wako. Alama ya mwenzako imefumuliwa. Kama ni mtu mwingine ningemfukuza leo. Nakuuliza mbele ya watu ili asiwepo wa kusema nimekufichia. Kwa nini unamwibia mtoto uliyemfundisha mwenyewe?"

Nilikuwa na pasi mkononi. Nilijua. Ningeweza kusema neno moja tu na yote yangeishia hapo, lakini nilitafuta namna ya kulisema bila kuivujisha ile siri, na nikiwa bado natafuta, Mama Mdogo alikuwa ameshanyoosha mkono. "Hebu nione."

Alivaa miwani. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu aliyeletewa shati la kukagua. Akapitisha kidole gumba kwenye ncha ya kola. Akachukua la pili. Akaomba la tatu.

"Uzi ni wangu," alisema. "Mkono si wangu." Akatuangalia mmoja mmoja, akitafuta msaada kwetu. "Nani ameyaweka haya?"

Umeme akasimama. "Ni mimi, dada. Mama Mdogo hajui lolote."

"Wewe?" Mkurugenzi alimtazama kana kwamba amesema lugha nyingine. "Ulijiibia mwenyewe?"

"Sikujiibia. Ulisema shati langu ni langu. Nilifanya na changu nilichotaka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema ni mambo ya shukrani."

Wifi yangu uso ulimwiva mpaka shingoni. Nimemtania mwanamke yule tangu niolewe, na ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona hana jibu. Sikufurahi.

Lakini aliyetushinda kumtazama ni Mama Mdogo. Alikuwa bado na kola kwenye kidole gumba. Niliona jambo likimwingia taratibu, kutoka kwenye shati lile kwenda kwenye mashati ya wiki ile, na ya wiki zilizopita.

"Ni haya tu?" alimuuliza Umeme.

Umeme alianza kulia.

Mama Mdogo alivua miwani. Alifunika cherehani yake kwa kile kitambaa chake cha maua, akauchukua uzi wa zambarau, akauweka juu ya cherehani ya Umeme bila kumwangalia. Mkurugenzi alimfuata mpaka mlangoni. "Mama mdogo, nisamehe. Nimekosea."

"Umekosea nini? Umesema mashati si yangu. Ni kweli si yangu."

Akatoka. Mto wake ukabaki kwenye kiti.

Kesho yake Mkurugenzi alikuja kwangu asubuhi, hajachana nywele. "Twende wote, wifi. Peke yangu atanifungia mlango." Nikaubeba ule mto, tukaenda.

Mama Mdogo hakufunga mlango. Tulimwamkia, akaitikia, akatukaribisha sebuleni, palepale ambapo nusu ya mafundi wa mtaa walijifunzia kushona. Kwenye sakafu bado kuna alama za miguu ya cherehani. Mkurugenzi hakuketi vizuri, alikaa kwenye ukingo wa kiti na kumwaga maneno yote aliyoyaandaa njiani: kwamba anamtaka arudi, kwamba amemwekea kazi mpya ya msimamizi wa ubora, yenye mshahara wa mwezi, kukagua tu, bila kushona.

"Kazi hiyo ilikuwepo juzi?" aliuliza Mama Mdogo.

"Haikuwepo."

"Umeitengeneza usiku."

"Ndiyo, mama mdogo."

Nilitaka kucheka, kwa mazoea. Nikaangalia ule mto mapajani kwangu, kicheko kikaisha.

"Karakana inahitaji jicho lako," Mkurugenzi aliendelea. "Si huruma. Ni biashara nzuri. Umeme mwenyewe ameniambia kwamba kasi yake ni yako, na mimi nimefaidi kasi hiyo kwa kila shati bila kukupa kitu. Ulituuliza siku ya kwanza, nikakujibu kijeuri."

"Ulinijibu vizuri. Mimi ndiye niliyeamua baadaye kwamba una haki. Unajua kilichonikosesha usingizi? Si wewe. Kuitwa mwizi kwa dakika tano si kitu, wote walisikia kwamba siyo. Na Umeme simlaumu, ana moyo. Aliyenikosesha usingizi ni mwanangu."

Mkurugenzi hakuelewa mara moja. Mimi nilielewa, na nilitamani ningekuwa popote pengine.

"Nilimwambia ni mvivu," alisema Mama Mdogo. "Amezunguka viwanda vyote, viatu vimemwishia, ananipigia mimi ili apate neno la mama yake. Nikamwambia, niangalie mimi. Nikamwambia mtu akijituma anapata. Na mimi mwenyewe nilikuwa nabebwa." Alisema neno la mwisho kwa sauti ya chini sana. "Hajapiga tena. Na nilikwenda kuwasimulia wenzangu, mkacheka."

"Tulicheka," nilisema.

Mkurugenzi alikuwa ameinamisha kichwa. Nadhani alikuwa anawakumbuka wageni wote aliowapeleka dirishani. Huyu ndiye mfano wetu. Alitoa simu yake kwenye mkoba, akampa mama yake mdogo kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akimpa shati la kukagua alipokuwa msichana.

"Mpigie kwa yangu. Namba hii haijui, atapokea."

Mama Mdogo aliishika bila kuibonyeza. "Nikipokelewa nimwambie nini?"

Wifi yangu, ambaye ana jibu la benki, la shule na la mkataji, alitikisa kichwa. "Sijui, mama mdogo. Mimi nitakuwa wa pili kuongea. Mwambie na mimi nataka kumwomba radhi."

Simu ikaita. Ikaita sana, mpaka nikadhani imekwisha. Kisha tukasikia sauti ya mwanamume ikisema haloo haraka haraka, kwa ile adabu ya mtu anayesubiri kuitwa kazini, ikiuliza, "Ndiyo, bosi, ni kuhusu ile nafasi?"

Mama Mdogo alifumba macho.

"Hapana, baba," alisema. "Ni mama yako. Usikate."